Posho na Hesabu

Utawala ni namna mamlaka yanavyopatikana, yanavyotumika na yanavyohojiwa. Mijadala kuhusu nchi zinazoendelea hukaa sana kwenye mawili ya kwanza: uchaguzi ulikuwa huru au la, barabara imejengwa au la. Kuhojiwa huachwa pembeni, ingawa ndiko kunakofunga demokrasia na maendeleo pamoja. Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa kuwa mji huo ulipata ustawi kabla ya kura, kisha kura za vyama vingi zikarudi baada ya ustawi kuondoka.

Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kando ya tanuru la shaba la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha desturi ya kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Ikaona ni nafuu zaidi kuwakalisha kambini pamoja na familia zao. Ikajenga nyumba, zahanati na shule, ikagawa posho ya chakula kwa hesabu ya mke na watoto. Ndipo wafanyakazi wakaipa sifa ambayo wazee wa mji bado wanaikumbuka: Union Minière njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Sifa hiyo haikuwa ya bure, maana kambi zilikuwa na afya na elimu kuliko sehemu nyingi za koloni. Lakini mtoto hamdai baba hesabu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mshahara; askari wakawafyatulia risasi, makumi ya watu wakafa. Ukarimu na risasi vilitoka katika mfumo ule ule wa kikoloni, na hakuna aliyekuwa na njia ya kupokea kimoja na kukataa kingine.

Uhuru ulibadilisha mwenye mali, haukubadilisha uhusiano huo. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha kampuni, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Posho ikaendelea, na mwaka 1986 uzalishaji wa shaba ukafika karibu tani 476,000. Fedha za mauzo, hata hivyo, zilivutwa hadi mji mkuu, Kinshasa, na kutumiwa kwa siasa, huku mitambo ikichakaa bila kukarabatiwa. Haki inadai kusema kwamba bei ya shaba duniani nayo ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Ila bei mbaya haielezi kwa nini fedha za miaka mizuri hazikurudi mgodini. Chini ya chama kimoja hakukuwa na bunge huru la kuuliza swali hilo, wala gazeti huru. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walianza kuondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Shule na hospitali zikayumba pamoja na kampuni, kwa kuwa hazikuwahi kuwa haki ya raia. Zilikuwa sehemu ya posho.

Kura za vyama vingi zilirudi mwaka 2006, zikafuatwa na za 2011, 2018 na 2023. Katiba ya 2006 iliahidi kwamba kila mkoa ungebaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo. Ahadi hiyo haikutekelezwa kama ilivyoandikwa: fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha sehemu yake hushuka. Kiongozi wa mkoa anayengoja mgao huo hujua macho yake yaelekee wapi, hata kama kura zimetoka kwingine. Wakati huo huo shaba imefufuka, na mwaka 2024 Kongo ilikuwa ya pili duniani kwa uzalishaji wake, baada ya Chile. Mkazi wa Lubumbashi anayekatikiwa umeme anaishi ndani ya takwimu hiyo bila kuigusa.

Kati ya mkazi huyo na takwimu hiyo yamekaa matabishi, yaani bakshishi anayopewa mtumishi wa umma ili atoe huduma. Yanasemwa sana kama dhambi ya mtumishi mmoja mmoja, na uchache wa mshahara wake ukitajwa kama udhuru. Madhara makubwa zaidi yako kwa mlipaji. Anayenunua huduma yake dirishani, peke yake, hana tena sababu ya kuungana na jirani kuidai kwa wote. Na alicholipa hakina risiti, kwa hiyo hakina swali. Leta, kama Wakongo wanavyoiita serikali, hugeuka kuwa mlolongo wa watu wa kupitia.

Botswana huleta ulinganisho wa karibu. Mwaka ule ule wa 1967, ambamo Union Minière ilitaifishwa, almasi ziligunduliwa Orapa, na nchi ikaweka haki za madini chini ya taifa zima. Chama kimoja kilishinda kila uchaguzi hadi 2024, jambo linalomsumbua anayepima demokrasia kwa kupokezana madaraka tu. Lakini mapato ya almasi yalipita katika bajeti iliyojadiliwa, na mahakama zilifanya kazi.

Kiswahili chenyewe kimeficha umuhimu wa kuhojiwa ndani ya neno moja. Kuwajibika kunatokana na wajibu, si na jibu. Hata hivyo sikio la msemaji husikia yote mawili, na sikio halijakosea. Wajibu usio na mtu wa kumjibu hubaki kuwa hisani, kama posho.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 imegusa kiini hiki. Mrabaha hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komuni, sekta au eneo la chifu ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kisha Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, wakazi wa miji mikuu ya mikoa walichagua madiwani wa komuni. Fedha za karibu na mtu wa karibu wa kuulizwa vimekutana katika ngazi moja. Ila mgao hufuata mahali mgodi ulipo: komuni isiyo na mgodi haipati hata senti ya asilimia hizo 15, ingawa malori ya shaba hupita mlangoni mwake yakielekea mpakani Kasumbalesa.