Taa, Wavu na Amana

Mwenye njaa akinasa samaki, hatumlaumu. Huko Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, wavuvi hutoka na taa zao usiku wa kiza. Ndagala huufuata mwanga, wakaingia wavuni. Ni hila, lakini sababu yake i wazi: watu wapate kula. Je, tuseme nini juu ya mtu atumiaye hila iyo hiyo, naye hana njaa ila ataka kujua tu?

Watu hao wapo. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege wahamaji wanaovutwa na taa za hoteli katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi. Kila ndege huvishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, hupimwa, kisha huachiliwa.

Wako watakaosema kwamba huo ni ujeuri: ndege hakuulizwa, na hofu yake mkononi ni hofu ya kweli. Neno hilo lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Hata hivyo, tutazame upande wa pili. Kwa karne nyingi watu wengi wa Ulaya waliamini kuwa mbayuwayu hujificha matopeni wakati wa baridi. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Pete ndogo ikakata ubishi mkubwa. Ndege huyo, basi, si mali ya taifa moja. Yakifyekwa matete anamolala huku Afrika, atakosekana kule anakozalia.

Kwa maoni yetu, udadisi peke yake hautoi haki ya kunasa. Ndege aliye mkononi ni amana. Amshikaye adaiwa mambo matatu: asimuumize, asimcheleweshe, na alichokijua akitumie kumlinda. Akishindwa hilo la tatu, pete imekuwa pingu. Mvuvi naye njaa haimpi ruhusa isiyo na mpaka; avuaye hata samaki wachanga anakula amana ya watoto wake.

Sisi walimu swali hili latuhusu vilevile. Kila muhula huwapima wanafunzi na kuwaandikia namba daftarini. Kumjua mtoto pasipo kumfaa ni kumnasa bure.