Je, Yafaa Kuiacha Mali Ardhini?

Mtu akirithi shamba, na babaye alimuusia asiukate mwembe ulio kando ya njia kwa kuwa wapitao hupumzika kivulini mwake, wasia huo ni mwepesi kuutimiza maadamu hapana autakaye mwembe. Shida huanza siku ajapo mtu atafutaye gogo la kuchongea ngalawa, naye ana fedha mkononi, na mwenye shamba ana deni. Siku hiyo ndipo hujulikana kama wasia ulikuwa wasia, au yalikuwa maneno yaliyosemwa kwa sababu hayakuwa na gharama.

Mataifa ya zama zetu yamejiwekea wasia wa namna hii. Yametenga misitu na mapori, yakaandika sheria kwamba pasikatwe mti, pasiwindwe mnyama, wala pasichimbwe ardhi. Kisha chini ya baadhi ya mapori hayo yakaonekana mafuta. Hapo ndipo watu walipogawanyika. Huko Alaska, katika Marekani, mjadala juu ya hifadhi iliyo ukingoni mwa bahari ya kaskazini umeendelea tangu sheria ya 1980 ilipoiacha amri ya kuchimba mikononi mwa Bunge la nchi hiyo. Na karibu yetu zaidi, katika Uganda, visima vimechimbwa ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na bomba la kilomita 1,443 limekusudiwa kuyaleta mafuta ya nchi hiyo mpaka Chongoleani, Tanga, katika pwani hii hii yetu. Kwa hiyo asiseme msomaji kwamba jambo hili ni la watu wa mbali.

Lakini sisi leo twapenda kuitazama nchi moja iliyo mbali kweli, nayo ni Ekuador, katika Amerika ya Kusini. Twaichagua kwa sababu huko swali hili halikuishia mezani pa mawaziri. Liliulizwa mbele ya dunia nzima, kisha likaulizwa mbele ya raia wenyewe, nao wakalijibu.

Upande wa mashariki wa nchi hiyo, katika msitu mkubwa wa Amazon, iko Hifadhi ya Taifa ya Yasuní, iliyowekwa mwaka 1979, na eneo lake ni kama hekta milioni 1. Wataalamu waliohesabu miti yake waliona kwamba katika hekta moja tu huweza kupatikana aina zaidi ya 600 za miti. Ndani ya msitu huo huo wanaishi watu waitwao Tagaeri na Taromenane, ambao ni jamaa wa kabila la Waorani. Waorani walipoanza kukusanywa na wamishonari katika miaka ya 1950 na 1960, Tagaeri walikataa, wakajitenga ndani ya msitu. Na hata leo watu hawa hawataki kuonana na mgeni. Na chini ya pembe ya mashariki ya hifadhi hiyo, mahali paitwapo Ishpingo, Tambococha na Tiputini, yamekadiriwa kuwapo mapipa kama milioni 846 ya mafuta.

Ekuador si nchi tajiri. Tangu mafuta yake yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1972, hazina ya serikali imeyategemea sana. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa aliyapa mataifa shauri ambalo halikuwa na mfano kabla yake. Alisema nchi yake i tayari kuyaacha mafuta ya mahali hapo ardhini daima, kwa faida ya viumbe wote, ikiwa mataifa mengine yatailipa nusu ya fedha ambazo ingezipata kwa kuyauza. Nusu hiyo ilikuwa dola milioni 3,600, zilipwe kwa muda wa miaka kama 13. Mfuko ukawekwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Ilipofika Agosti 2013, fedha zilizokwisha kutiwa mfukoni hazikuzidi sana dola milioni 13, yaani hazikufika hata sehemu 1 katika 200. Rais akalivunja shauri lake, akailaumu dunia, na Bunge likatoa ruhusa ya kuchimba. Mwaka 2016 mafuta yakaanza kutoka.

Raia wengi, na vijana hasa, hawakuridhika. Walikusanya sahihi kutaka watu waulizwe. Wakakataliwa, wakaenda mahakamani, na wakangoja karibu miaka 10. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba iliwapa haki yao, na tarehe 20 Agosti mwaka huo kura zikapigwa. Karibu asilimia 59 walisema mafuta yaliyobaki yaachwe ardhini.

Basi na tuzitazame hoja, kila moja kwa uadilifu, kwa kuwa hapana faida kuishinda hoja ambayo mwenziwe hakupewa nafasi ya kuisema.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka kuchimba ni kwamba mali iliyo ardhini ni riziki, na kuiacha hali watu wana njaa ni ujinga, au ni ukatili. Mtoto asiye na dawa hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu ya vyura na vipepeo. Hoja hii si ya kuchekwa, na wengi waidharauo ni watu walioshiba. Lakini twauliza: je, miaka iliyopita tangu 1972 haikutosha kuonyesha mafuta hayo humfikia nani? Wilaya za msitu ambamo mafuta yamechimbwa kwa muda mrefu zaidi zimebaki katika wilaya maskini za nchi hiyo, na katika sehemu zake za kaskazini yamebaki mashimo ya taka za mafuta karibu na mito ambayo watu huyanywa maji yake. Haja ya maskini ni ya kweli. Ila si kila atajaye jina la maskini ana nia ya kumpa. Tena tupime na kiasi chenyewe. Dunia hutumia mapipa kama milioni 100 kwa siku. Mafuta yote yaliyokadiriwa chini ya pembe ile yangemalizwa na dunia kwa muda usiofika siku 9. Msitu ule haukukua kwa siku 9, na ukiharibika haurejeshwi kwa fedha.

Hoja ya pili ni kwamba mahali pa kuchimba ni padogo mno. Bunge lilipotoa ruhusa mwaka 2013 lilisema isiguswe zaidi ya sehemu 1 katika 1,000 ya hifadhi, na kwa kura ya 2018 eneo hilo likapunguzwa mpaka hekta 300. Ni kweli kwamba kisima ni kidogo. Lakini kisima hakiendi peke yake. Chataka bomba, chataka watu, na mara nyingi chataka njia. Katika miaka ya 1990 barabara ya mafuta ilikatwa ndani ya Yasuní hiyo hiyo, mahali pengine. Haukupita muda mrefu familia zikajenga kandokando yake, na nyama ya porini, iliyokuwa chakula cha nyumbani, ikawa biashara ya sokoni. Tundu katika ubao wa jahazi haliulizwi upana wake, bali huulizwa maji yataingia kiasi gani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haitoki kwa matajiri. Katika mkoa wa Orellana, ambamo sehemu kubwa ya hifadhi imo, wengi katika kura ya 2023 walisema uchimbaji uendelee. Hawa ndio majirani wa visima. Kazi zao na maduka yao hutegemea visima hivyo. Waliosema yaachwe walikuwa wengi zaidi mijini, ambako hapana atakayekosa kazi kisima kikifungwa. Je, ni uadilifu mtu wa mji kumfungia jirani wa msitu mlango wa riziki, kisha akalala akijiona mwema?

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa kuwa Waislamu hawakulisikia neno la hifadhi kwa wageni. Kabla ya Uislamu ilikuwa desturi ya wakuu wa Waarabu kujizuilia malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wao peke yao, na malisho hayo yakaitwa hima. Uislamu uliiondoa jeuri hiyo, na hima ikawa ni ya maslaha ya umma. Sayyidna Umar alipomweka mtu aitwaye Hunayy kuisimamia hima, alimwamrisha amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na ajihadhari na wanyama wa Abdurrahman bin Awf na wa Uthman bin Affan. Hakuwa na chuki na masahaba hao. Sababu yake ilikuwa kwamba wao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini maskini mifugo yake ikifa, hana pa kwenda.

Kwa kipimo hiki, hifadhi haipimwi kwa uzuri wa miti yake tu. Hupimwa kwa kuuliza: huyu tunayemzuilia, ana pa kurejea? Na yule tunayemlindia, ana pengine? Haya, na tukipeleke kipimo hicho Yasuní.

Mnunuzi wa mafuta ana pa kurejea. Hatakosa mafuta kwa kupungukiwa na ya siku 9. Hazina ya serikali ya Ekuador ina pa kurejea, japo kwa taabu. Mfanya kazi wa Orellana ana pa kurejea padogo sana, na kwa hiyo ni haki yake alipwe na afunguliwe kazi nyingine kabla ya kuambiwa asubiri. Ama Tagaeri na Taromenane, hao hawana pa kurejea hata kidogo. Hawakupiga kura, hawakusoma karatasi ya hoja, wala hawana mjumbe wa kuwasemea, kwa kuwa kujitenga kwao ndiko jibu lao. Mafua ya kawaida ambayo kwetu ni ya siku tatu yaweza kuwamaliza, kwa kuwa miili yao haijayazoea maradhi hayo. Asiyehudhuria barazani hahesabiwi kuwa ameridhia. Kwa desturi zetu sote, mali ya asiyekuwapo hulindwa zaidi, si chini, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuitetea.

Kwa hiyo sisi twaona waliosema mafuta yaachwe walisema haki. Lakini hatutaki mambo yaishie hapo, kwa kuwa iko haki ya pili ambayo wengi wamependa kuisahau. Mataifa yaliyotajirika kwa kuyachoma mafuta ya dunia yalipoombwa mwaka 2007 yachangie nusu, yaliusifu msitu na kuinyima mifuko. Ni kama watu wapitao njiani wanaomwambia mwenye shamba asiukate mwembe, kila mmoja akausifu uzuri wa kivuli, na asipatikane wa kumsaidia deni lake. Mwenye shamba akishika wasia hali yu peke yake, yeye amefanya wema. Wao wamefanya nini? Atakaye kivuli na asaidie deni.

Limebaki neno juu ya kura yenyewe. Mahakama ilikuwa imetoa muda wa mwaka mmoja uchimbaji ukome. Agosti 2024, mwaka ulipotimia, serikali ilifunga kisima cha kwanza, ikasema kazi ya kuvifunga vyote itaendelea mpaka mwisho wa 2029. Na mafuta yakaendelea kutoka. Machi 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilitangaza hukumu yake katika kesi ya Tagaeri na Taromenane, ikasema serikali haikuwalinda watu hao inavyopasa, na ikaamrisha matokeo ya kura yatekelezwe. Twakubali kwamba kufunga visima zaidi ya 200 si kama kufunga duka. Bomba lisipooshwa vizuri laweza kuumwagia msitu yale yale yaliyoogopwa. Lakini uko uchelewaji wa mtu afanyaye kazi, na uko uchelewaji wa mtu angojaye watu wasahau. Tofauti yake huonekana kwa hesabu ya visima vilivyofungwa, wala haionekani kwa hotuba.

Wasomaji wetu, haya tumeyaandika kwa sababu pwani yetu nayo ina vitu vilivyotengwa: ina mikoko, ina miamba ya matumbawe, ina misitu ya makaya iliyolindwa na wazee tangu kale. Leo ni rahisi kuvisifu. Huenda kesho akaja mtu na karatasi, aseme chini yake kumeonekana kitu cha thamani, na kwamba eneo atakaloligusa ni dogo. Siku hiyo tusiulize kwanza tutapata kiasi gani. Tuulize ni nani atakayepoteza asiwe na pa kurejea, na kama yuko barazani kujisemea. Kama hayuko, basi ni juu yetu tuliopo kumsemea, kabla bei haijatajwa.