Majiko Mawili Katika Nyumba Moja

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kugombana. Moja yasema: Akiba haiozi. Nyingine yasema: Mshika mbili moja humponyoka. Ya kwanza yamsifu mtu awekaye kitu cha ziada kwa siku ya shida. Ya pili yamwonya mtu asiyetaka kuchagua. Leo twapenda kuzipima methali hizi kwa jambo la jikoni, ambalo labda wengine watalidhania kuwa dogo mno kwa ukurasa huu. Je, familia iliyo na jiko la gesi yafanya vema ikinunua pia jiko la mkaa lililokwisha kutumiwa na mwingine?

Tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi huko Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, si mbali na barabara ipitayo Kyamyorwa kuelekea Biharamulo. Nyumbani mwake mna jiko la gesi na mtungi wake wa kilo 15. Jirani yake amepata uhamisho na anauza vyombo. Miongoni mwa vyombo hivyo limo jiko kubwa la mkaa, la bati kwa nje na la udongo wa kuchomwa kwa ndani, pamoja na wavu wa kuchomea samaki. Bei yake ni nusu ya ile ya dukani. Baba wa nyumba analitamani jiko lile. Mama wa nyumba amenyamaza. Tutaona baadaye kwamba ukimya ule una maana.

Kwanza tulitendee haki jiko lenyewe, maana si kitu duni. Jiko la mkaa lenye udongo ndani lilianza kutengenezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand na kulirekebisha lifae sufuria zetu na upishi wetu. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza, na kutoka Kenya likaenea Tanzania na nchi jirani. Udongo ule huzuia joto lisipotee ubavuni. Kwa hiyo mkaa unaotumika hupungua kwa karibu theluthi moja, na pengine hadi nusu, ukilinganishwa na jiko la bati tupu. Nyumba nyingi za wafanyakazi zimelelewa na jiko hilo, na hatuna sababu ya kulidharau.

Tena sababu za mwalimu wetu si za kipuuzi. Ndizi za Kagera zapikwa polepole, na maharage makavu hukaa motoni saa nyingi. Chakula cha namna hiyo humaliza mtungi upesi. Sato kutoka ziwani, akichomwa juu ya makaa, ana ladha ambayo moto wa gesi hauwezi kumpa. Zaidi ya hayo, gesi hununuliwa kwa mtungi mzima, na fedha zote hutakiwa siku moja. Mkaa hununuliwa kwa kopo, leo moja na kesho moja. Basi mtungi ukiisha katikati ya mwezi, kabla ya mshahara, watoto watakula nini? Mtu mwenye busara hufikiri mambo hayo mapema.

Hapo yaja swali la kwanza: je, kuwa na majiko mawili ni anasa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa akieleza juu ya sadaka, alipambanua mahitaji ya namna mbili. Kuna kitu ambacho bila hicho mtu hawezi kuishi. Na kuna kitu ambacho bila hicho hawezi kuishi kama inavyoipasa hali yake na ya wale anaowatunza. Yapitayo hapo ndiyo ya ziada, na ya ziada ina deni kwa maskini. Kwa kipimo hicho, jiko la pili la mwalimu wetu halihukumiwi kwa hesabu ya moja na mbili. Mkulima mwenye majembe mawili si mchoyo. Mvuvi mwenye nyavu mbili si mlafi. Jiko la akiba katika nyumba yenye watoto sita laweza kuhesabiwa kwa haki katika namna ile ya pili ya mahitaji. Kwa hiyo twasema bila kusita: kununua jiko lile si dhambi kwa sababu tu ni la pili.

Lakini swali halijaisha, ndipo linapoanza. Kila kitu kinunuliwacho kina bei mbili: ile anayoitoa mnunuzi mkononi, na ile inayolipwa na wengine baada yake. Bei ya kwanza huandikwa kwenye risiti. Ya pili haiandikwi popote, na kwa sababu hiyo dhamiri hulala.

Bei hiyo ya pili yaanzia porini. Tanuru la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa majani na udongo, hula kilo 5 hata 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Sisi watu wa Kagera tunayo mashaurio ya zamani juu ya jambo hili. Huko Katuruka karibu na Maruku, na pande za ghuba ya Kemondo, wazee wetu waliyeyusha chuma kwa moto wa mkaa kiasi cha miaka 1500 hata 2000 iliyopita. Peter Schmidt, mtaalamu wa Marekani aliyechimbua mahali hapo katika miaka ya 1970, aliushangaza ulimwengu mwaka 1978, yeye na mwenzake Donald Avery, kwa kuonyesha ufundi mkubwa wa matanuru yale. Lakini alieleza pia kwamba kazi ile tukufu ilikula misitu ya nchi. Waliofua chuma walipata majembe na mikuki. Waliozaliwa baadaye walirithi vilima vitupu. Yaani moto wa mtu mmoja waweza kulipwa na mjukuu wa mtu mwingine.

Kisha bei ile yaingia nyumbani, na hapa twaomba akina baba wasikilize kwa makini. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu itokanayo na moto wa kupikia na mafuta ya taa majumbani. Mkaa una moshi mdogo kuliko kuni, na ndiyo maana watu hudhani ni salama. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Na kila msimu wa baridi au mvua twasikia habari za watu walioingiza jiko chumbani wapate joto, wasiamke tena. Na asiyekufa kwa siku moja huumia kidogo kidogo: macho yanawasha, kichwa kinauma, kifua kinabana. Ni nani huyo? Ni yule asimamaye jikoni: mama, binti, na mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni.

Sasa twaweza kuelewa kwa nini mama wa nyumba alinyamaza. Anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Siku ya kwanza jiko la mkaa litakuwa la samaki wa Jumapili. Mwezi wa pili litakuwa la maharage na ndizi. Mwezi wa tatu baba ataona kwamba kopo la mkaa ni rahisi kulitoa kuliko fedha za mtungi. Mtungi ukiisha hatakuwa na haraka ya kuujaza. Mwishoni gesi itakuwa pambo, ya kuchemshia chai wageni wanapokuja, na upishi wa kila siku utakuwa umerudi katika majivu. Hakuna mtu aliyekata shauri hilo. Hakuna siku iliyotangazwa. Nyumba ilidhani ina mioto miwili, kumbe ile mbaya imeimeza ile njema. Hivyo ndivyo methali ya pili inavyotimia: mshika mbili moja humponyoka, na imponyokayo huwa ndiyo iliyomgharimu fedha nyingi zaidi.

Baba atasema ameweka akiba. Waama, fedha zimebaki mfukoni mwake. Lakini gharama haikufutwa, imehama tu. Imetoka mfukoni mwa baba, imeingia kifuani mwa mama. Akiba iliyopatikana kwa kumhamishia mwingine mzigo, bila yeye kuulizwa, haistahili jina hilo. Ni deni, na mwenye kulipa ni yule asiyeshika mkoba.

Mtu asituelewe vibaya. Hatumlaumu mchoma mkaa, ambaye mara nyingi hana shamba la kutosha wala kazi nyingine, na jasho lake ni halali panapofuatwa sheria za misitu. Wala hatumlaumu mjane apikaye kwa mkaa kwa kuwa hana kingine. Gesi nayo ina unyonge wake. Ile ya mitungi haitoki Songo Songo, kama wengi wanavyodhani. Huja kwa meli kutoka ng'ambo, kisha husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000 mpaka ifike kwetu, na bei yake hupanda kwa sababu tusizozitawala. Serikali, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwezi wa Mei 2024, imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Kusudi ni jema. Njia bado ni ndefu. Twasema hivi tu: asiye na la kuchagua hadaiwi uchaguzi, lakini mwenye majiko mawili anadaiwa sababu ya kila moto anaouwasha.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa kitu kilichotumika hulisahau. Kununua kitu cha mkono wa pili kwa kawaida ni tendo la busara, kwa kuwa kitu hakitupwi na kipya hakitengenezwi bure. Lakini kitu cha mkono wa pili ni kimoja tu. Akichukuacho huyu, yule hakipati. Ng'ambo ya barabara, katika kijiji kile kile, yuko mama apikaye juu ya mafiga matatu, macho yake mekundu, akitafuta kuni tangu alfajiri. Kwake yeye jiko lile la udongo lingekuwa hatua ya kupanda. Kwa mwalimu ni hatua ya kushuka. Jiko ni lile lile na bei ni ile ile, lakini tendo si moja. Mwalimu akishindana naye kwa bei, atashinda, maana ana mshahara. Je, ameshinda nini? Hapo ndipo lile la ziada linapogeuka kuwa na mwenyewe.

Naye muuzaji ana wajibu wake. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba kasoro inayoonekana wazi yaweza kunyamaziwa, ikiwa bei imepunguzwa ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumtia mnunuzi hasara au hatari, lazima itajwe. Udongo wa jiko la mkaa hupata ufa kwa ndani, na majivu huufunika. Jiko lenye ufa hula mkaa kama lile la bati tupu, na siku moja huvunjika chini ya sufuria ya moto watoto wakiwa wameketi karibu. Anayehama kesho asiseme moyoni, Hawatanipata tena. Afute majivu, aonyeshe ufa, apunguze bei. Jirani huagwa kwa mkono safi.

Basi, mwalimu wetu afanye nini? Kwanza, amwulize mpishi. Asimwulize kwa namna ya kutaka akubaliwe, bali akae kimya asikie jibu, kwa kuwa mwili utakaokaa mbele ya moto ndio wenye neno la kwanza. Pili, kama wamekubaliana kulinunua, waliwekee jiko kazi yake na mipaka yake: samaki wa sikukuu, na siku mtungi umeisha, tena nje au kibandani penye hewa, kamwe si chumbani. Tatu, fedha ya mtungi unaofuata itengwe kidogo kidogo kila juma, vilevile kama ambavyo ingetoka kununua kopo la mkaa. Maana mara nyingi nyumba hukosa utaratibu kabla haijakosa fedha. Maharage yalowekwe usiku kucha, na gesi itatosha zaidi kuliko wanavyodhani. Nne, watazame kama yupo jirani anayelihitaji jiko lile kuliko wao. Wakimwona, wamwachie alinunue. Na wakiweza, wamwongezee kilichopungua katika bei.

Kwa masharti hayo akiba haitaoza, wala moja haitamponyoka mwenye kushika mbili. Bila masharti hayo, heri nyumba yenye jiko moja na mpishi mwenye afya. Baba anayesoma maneno haya jioni, huku chakula kikiivishwa, na ainuke aingie jikoni, akae humo muda wa kuiva maharage. Akitoka, atajua mwenyewe kama jiko la pili lanunulika.