Kelele Uliyoizoea

Rafiki, friji yetu nyumbani ni ya zamani. Usiku ilikuwa inagongagonga. Mwanzoni ilinikera, baada ya mwezi sikuisikia tena. Shangazi alipokuja kulala kwetu ndiye aliyeuliza, "Hiyo kelele ya nini?"

Tuliitafuta pamoja. Tulisubiri nyumba itulie, tukaweka kiganja ubavuni, juu, kisha nyuma. Tulipogusa trei ya maji iliyo juu ya kompresa, kelele ikaisha. Trei ilikuwa imelegea tu. Ingeweza kuwa feni inayogonga barafu, au raba za kompresa zilizokauka. Usipotafuta, hujui lipi ni dogo na lipi la kumwita fundi.

Sasa swali: je, nina kosa kwa kelele nisiyoisikia tena? Nadhani ndiyo, kama niliipuuza nilipokuwa bado naisikia. Dhamiri nayo iko hivyo. Uongo wa kwanza unakukosesha usingizi. Wa kumi unalala fofofo. Ukimya huo si amani, ni mazoea.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alifundisha kuchunguza dhamiri mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na cha jioni. Basi leo zima simu, tulia, tafuta. Na mtu akikuuliza "hiyo ya nini?", usimkasirikie.

Shangazi alipoaga aliniuliza pia habari za kaka yangu. Hatujaongea tangu Pasaka. Nilikuwa nimeshazoea.

Leo nampigia.