Waridi Moja, Bustani Nyingi

Mwaka 1986, David Austin, mzalishaji wa mawaridi wa Shropshire, Uingereza, aliingiza sokoni waridi la pinki lenye harufu nzito ya mawaridi ya kale. Alilipa jina la Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani aliyefariki mwaka 1932. Halipandwi kwa mbegu, kwani mbegu zake huzaa mawaridi mengine kabisa. Hubebeshwa: mtaalamu hukata jicho dogo la tawi, hulipachika chini ya gamba la waridi lingine lenye mizizi imara, kisha hufunga.

Basi kila kichaka cha aina hiyo kimetokana na mche mmoja wa mbegu moja. Je, ni mawaridi mengi, au ni moja lililotawanyika?

Aristotle aliligusa suala hili. Katika kitabu chake juu ya nafsi alieleza kuwa mimea hukatwa vipande na bado ikaishi; nafsi yake ni moja kwa uhalisi, nyingi kwa uwezo. Jibu zuri, ila bustani inalitatiza. Kichaka kimoja kina mizizi ya waridi hili na maua ya lile. Mizizi ikichipusha matawi yake na yasing'olewe, huweza kulizidi nguvu waridi lililobebeshwa.

Hapo mwenye bustani husema waridi lake limekufa, ingawa kwa jirani lingali linanukia. Wala hakosei. Kilichokufa ni kile kichaka alichokipogoa kila mwisho wa baridi. Aina yenyewe ataikuta dukani.