Mtoto ni wa Nani Wazazi Wanapoachana?

Wazazi wanapoachana, mali ya nyumbani hugawanywa: shamba, ng'ombe, viti, hata sufuria. Mtoto hagawanyiki. Ndiyo maana swali moja huulizwa katika vikao vya ukoo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na hata mahakamani: mtoto huyu ni wa nani? Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali hilo limeulizwa vibaya, na kwamba watoto huumia kwa sababu hiyo.

Hapa Uganda jibu la kimila linajulikana. Kwa Waganda, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, uwe Nkima, Mamba au mwingine. Mama akiondoka, huambiwa awaache watoto kwa wenyewe. Lakini ukoo humwambia mtoto ametoka wapi. Haumwambii nani atamwamkia usiku akiwa na homa. Wengine husema mahari ilikwisha kulipwa, basi watoto ni wa aliyelipa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu Kabisa iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Ikiwa mke hawezi kurudishiwa bei kama bidhaa, sembuse mtoto, ambaye hakuwapo siku mahari ilipotolewa?

Tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba neno "wangu" halina maana moja. Nasema "ng'ombe wangu", na pia nasema "mwalimu wangu". Ng'ombe naweza kumuuza, mwalimu siwezi. Naamini "mtoto wangu" iko karibu zaidi na "mwalimu wangu": inataja uhusiano na wajibu, si umiliki.

Sheria nazo zimefuata njia hiyo. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema ustawi wa mtoto ndio utangulizwe mahakama inapoamua juu ya malezi yake, na matakwa yake yazingatiwe kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, katika kifungu cha 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa jambo hilo likimdhuru. Tazama haki hiyo amepewa nani: mtoto.

Jambo hili nimeliishi. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la nne, nikabaki na mama. Katika shule yangu ya bweni, Jumapili ya kutembelewa, wanafunzi walikaa na wazazi wao chini ya miti wakila kuku na matoke. Baba hakuwa amechangia karo, kwa hiyo mama alimkataza kuja. Mama hakuwa mtu mbaya. Aliuza nyanya sokoni ili alipe karo peke yake, na hasira yake ilikuwa na sababu. Lakini adhabu aliyopewa baba niliitumikia mimi.

Msomaji atauliza: je, baba asiyelipa chochote apewe furaha ya kumwona mtoto bure? Najibu kwamba matumizi ya mtoto ni deni, na deni lina mahali pa kudaiwa: kwa afisa wa ustawi wa jamii, au mahakamani. Kuonana si mshahara wa anayelipa. Vilevile baba hawezi kusema, "Sitoi karo mpaka niruhusiwe kumwona." Karo si ya mama. Kila mmoja wao anamnyang'anya mtoto haki yake ili amkomeshe mwenzake.

Swali gumu zaidi ni hili: kama haki ni ya mtoto, je, anaweza kukataa kwenda kwa mzazi mmoja? Nadhani anaweza, lakini kwanza aulizwe sababu, kwa upole, na mtu asiye upande wowote. Mtoto anayeogopa kipigo asilazimishwe kamwe. Mtoto anayerudia maneno aliyofundishwa juu ya mzazi wake anahitaji muda na utulivu. Wala asiulizwe, "Unampenda nani zaidi?" Kumsikiliza mtoto si kumfanya hakimu wa wazazi wake.

Kwa hiyo mahali pa "mtoto ni wa nani?" naweka swali jingine: mtoto huyu anahitaji nini kutoka kwa kila mmoja wetu? Majibu yake ni ya kawaida kabisa. Nani atalipa karo ya muhula ujao. Likizo ya Desemba atakaa wapi. Akiugua, nani atampeleka hospitali, na mwenzake ataarifiwa vipi. Jumapili ipi atakuja baba, na ipi mama. Watu wawili walioshindwa kuishi pamoja bado wanaweza kukubaliana juu ya Jumapili.