Vectrex: gemu iliyoachwa na kiwanda ikabaki mikononi mwa mafundi

Vectrex ni mashine ya gemu iliyoingia sokoni Marekani mwishoni mwa mwaka 1982. Ilibuniwa California katika kampuni ya Jay Smith, mhandisi ambaye mwaka 1979 alikuwa ameshatengeneza Microvision, gemu ya kwanza ya mkononi yenye kaseti za kubadilisha. Iliyoiuza ni kampuni ya GCE, kwa dola 199, na mwaka 1983 GCE yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Milton Bradley. Mwaka huohuo biashara ya gemu Marekani ikaporomoka. Bei ya Vectrex ikashushwa hadi chini ya dola 100, na mwaka 1984 utengenezaji ukasimamishwa. Tangu hapo hakuna kiwanda kinachotoa vipuri vyake, na kila mashine inayowaka leo inawaka kwa sababu kuna mtu aliyeamua isife.

Wanaoihangaikia wana sababu nzuri. Vectrex haiunganishwi na runinga. Inayo ya kwake ndani, ya chogo, inchi 9, isiyo ya rangi, iliyosimama wima. Runinga ya kawaida huchora picha kwa kupitia kioo kizima, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Vectrex haifanyi hivyo. Mwale wake huenda moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta kama kalamu, na mahali ulipopita hubaki mstari mwembamba unaong'aa, usio na vijidaraja pembeni. Ni mashine pekee ya nyumbani iliyouzwa kwa umma ikiwa na kioo cha aina hiyo. Programu za kompyuta zinaweza kuiga gemu zake, lakini kioo cha kisasa kilichojengwa kwa nukta hakiwezi kutoa mwanga uleule.

Kinachoharibika upesi ni pedi ya kuchezea, kwa kuwa ndiyo inayoshikwa na kuvutwa. Pedi ya asili ina fimbo fupi upande wa kushoto na vitufe vinne vilivyopangwa mstari mmoja upande wa kulia, na mchezo ukiisha hupachikwa mbele ya mashine ikawa kama kifuniko chake. Mashine ina matundu mawili ya pedi, ila ilikuja na pedi moja tu. Ya pili ilinunuliwa kando, na wengi hawakuinunua. Baada ya miaka 40 waya zimekatikia ndani, vitufe vimekufa ganzi na fimbo hairudi tena katikati. Hapo ndipo kazi ya kujitengenezea pedi inapoanza, na bahati njema ni kwamba wabunifu wa mwanzo waliifanya iwezekane.

Ndani ya pedi ya asili hamna chipu hata moja. Plagi yake ina pini 9. Pini 1 hadi 4 ni za vitufe, kila kitufe na waya wake, na kukibonyeza ni kuunganisha waya huo na pini 8, ambayo ni sifuri ya umeme. Pini 7 inaleta volti 5 chanya na pini 9 inaleta volti 5 hasi. Fimbo inazungusha vidhibiti viwili vya ukinzani, vya aina ileile inayotumika kuongeza na kupunguza sauti ya redio: kimoja kinasoma kushoto na kulia, kingine juu na chini. Kila kimoja kimefungwa kati ya volti chanya na hasi, na mguu wake wa katikati unarudisha jibu kupitia pini 5 au 6. Fimbo ikiwa wima, jibu ni takriban sifuri. Ikisukumwa, jibu linapanda au kushuka kwa kadiri ya msukumo.

Fundi anayetaka fimbo nzito ya swichi, kama zile za mashine za gemu za kumbi za burudani, hahitaji vidhibiti hivyo. Kwa kila jozi ya mielekeo, yaani kushoto na kulia au juu na chini, anachomea kwenye waya wa jibu rizista mbili zenye thamani sawa, moja kwenda volti chanya na nyingine kwenda volti hasi. Swichi zikiwa wazi, rizista hizo zinavutana na jibu linabaki katikati. Swichi ya upande mmoja ikifungwa, jibu linakwenda moja kwa moja upande huo. Pedi ya namna hiyo inafaa gemu nyingi, kwa sababu mashine yenyewe ina njia mbili za kusoma fimbo. Moja inapima kwa hatua nyingi fimbo imeinama kiasi gani. Nyingine inauliza tu imeelekea wapi. Kifaa kinachopima fimbo ndicho kinachoongoza mwale kwenye kioo, na picha hulenga kuchorwa upya mara 50 kwa sekunde, hivyo muda unaotumika kupima fimbo unapunguza muda wa kuchora. Gemu ambayo haikuhitaji kipimo kamili ilichagua njia ya haraka.

Wengi huchukua pedi ya mashine nyingine ya gemu, Sega Mega Drive, na kuibadilisha, maana nayo ina plagi ya pini 9. Lakini mpangilio wa pini haufanani, na volti hasi ya Vectrex inaweza kuunguza chipu ya pedi hiyo au ya mashine yenyewe. Lazima chipu ya ndani iondolewe na waya zipangwe upya kabla ya kuchomeka chochote.

Kukusanya gemu ni kazi ya aina nyingine. Orodha ya zilizouzwa enzi zile ni fupi, haifiki hata 40, kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kuikaribia yote. Kigumu ni karatasi za plastiki zenye rangi. Kwa kuwa kioo hakina rangi, karibu kila gemu ilikuja na karatasi yake ya kupachikwa mbele ya kioo. Karatasi hizo zilichubuka, zilikunjika, zilipotea, na kaseti isiyo na karatasi yake ni gemu nusu.

Gemu inayotafutwa sana haikuuzwa dukani kamwe. Mine Storm ilikuwa imejengwa ndani ya mashine, na ilikuwa na kasoro: mchezaji hodari akifika hatua ya 13, huenda mashine ikakwama. Walioandika kulalamika walitumiwa bure kaseti iliyorekebishwa, Mine Storm II. Walioandika walikuwa wachache, na leo kaseti hiyo ni adimu kuliko karibu zote.

Uadimu huo umewafanya baadhi ya watu waifungie Vectrex kabatini kama hati ya kiwanja. Si njia nzuri ya kuipenda. Plastiki iliyofungwa bado inazeeka, na kapasita hukauka hata mashine ikiwa imezimwa. Jay Smith hakuifungia kazi yake: katikati ya miaka ya 1990 kampuni yake iliruhusu gemu za Vectrex zinakiliwe na kugawanywa bure, ilimradi si kwa biashara. Hatua hiyo ni ya heshima, na inastahili kuigwa na kila mwenye haki za kazi asiyoiuza tena. Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1996 ilitoka gemu mpya, Vector Vaders, kazi ya mpenzi wa Vectrex aliyeandika programu nyumbani kwake, na wengine wakafuata. Leo gemu mpya za Vectrex ni nyingi kuliko zile za kiwandani.

Basi anayeikuta Vectrex isiyo na pedi asiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pedi inatengenezeka kwa vitufe vinne, fimbo moja na waya tisa. Kuifungua mashine yenyewe ni suala jingine: bomba la kioo hubeba umeme mkali unaoweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa, na kazi hiyo aachiwe fundi aliyezoea runinga za chogo.